William Homan Thorpe

William Homan Thorpe (Hastings, 1 Aprili 1902 – Cambridge, 7 Aprili 1986) alikuwa mtaalamu wa zoolojia kutoka nchini Uingereza. Anajulikana hasa kwa utafiti wake juu ya nyimbo za ndege, ambao ulionyesha kwa majaribio na vipimo kwamba kinda wa chiriku hujifunza sehemu kubwa ya wimbo wake kwa kuwasikia ndege wakubwa. Alikuwa profesa wa etholojia, yaani elimu ya tabia za wanyama, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1951. Sehemu ya kazi yake ya baadaye ilihusu ndege wa Afrika ya Mashariki wanaoimba wawili wawili kwa kupokezana.

Miaka ya mwanzo

Thorpe alizaliwa Hastings, mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Alisoma katika shule ya Mill Hill, kisha Jesus College, Cambridge. Alipenda kutazama ndege tangu ujana wake, lakini siku zile kutazama ndege kulihesabiwa kuwa burudani zaidi kuliko kazi. Kijana wa biolojia aliyetaka mshahara alielekezwa kwenye wadudu, kwa sababu wadudu walikula mazao na serikali zilikuwa tayari kulipia dawa yao. Hivyo Thorpe akawa mtaalamu wa wadudu, na akabaki huko kwa karibu miaka ishirini.

Kati ya 1927 na 1929 alikuwa Chuo Kikuu cha California, Marekani, kwa ufadhili wa mfuko wa Rockefeller. Huko alichunguza inzi wa ajabu, Psilopa petrolei, ambaye mabuu yake huishi ndani ya madimbwi ya mafuta ghafi yanayotoka ardhini. Mabuu hayo hula wadudu wengine wanaonasa na kufa katika mafuta, na mafuta yenyewe hayawadhuru. Aliporudi Uingereza alifanya kazi katika maabara ya Farnham House, iliyokuwa ikifuga wadudu vidusia ili wapelekwe nchi mbalimbali kupambana na wadudu waharibifu. Mwaka 1932 alirudi Cambridge kuwa mhadhiri wa elimu ya wadudu.

Nyigu, harufu na swali la kujifunza

Msomaji anayetaka kufika haraka kwenye ndege anaweza kuiona sehemu hii kama mchepuko, lakini swali alilowauliza chiriku baadaye, Thorpe aliliuliza kwanza kwa wadudu.

Kuna nyigu mdogo kidusia ambaye kwa kawaida hutaga mayai yake ndani ya viwavi vya nondo wa unga. Nyigu huyo huwatafuta viwavi kwa kufuata harufu yao. Mwaka 1937 Thorpe na mwenzake F. G. W. Jones waliwalea nyigu hao ndani ya viwavi vya nondo wa spishi nyingine, ambao si wenyeji wao wa kawaida. Nyigu waliokua hivyo walivutwa na harufu ya mwenyeji huyo mgeni, jambo ambalo nyigu wa kawaida hawalifanyi. Hata hivyo mvuto wa harufu ya mwenyeji wa asili haukufutika. Kwa hiyo mdudu alikuwa na mwelekeo wa kuzaliwa nao, na juu yake yakaongezeka mazoea ya utotoni. Thorpe alipata matokeo ya namna hiyo pia kwa inzi wa matunda waliolelewa katika chakula chenye harufu ya mnanaa.

Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba tabia ya mdudu ni kama mashine ya saa: imefungwa tayari na haijifunzi. Upande wa pili, wanasaikolojia wengi wa Marekani waliona karibu kila tabia kuwa ni mazoea yaliyofunzwa. Thorpe hakuridhika na upande wowote. Alitaka kupata mnyama mmoja ambaye ndani yake ungeweza kupima ni kiasi gani kinatokana na urithi na ni kiasi gani kinatokana na kujifunza.

Thorpe alikuwa muumini wa Jumuiya ya Marafiki, yaani Wakweka, dhehebu linalojulikana sana magharibi mwa Kenya na ambalo kwa mapokeo yake hukataa vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alichunguza mabuu ya mbawakawa yanayokula mizizi na viazi mashambani, na jinsi yanavyovutwa na kemikali za mimea. Pamoja na D. J. Crisp alifafanua pia jinsi mdudu wa maji Aphelocheirus anavyoweza kukaa chini ya maji bila kupanda juu kuvuta hewa. Mwili wa mdudu huyo umefunikwa na vinyweleo zaidi ya milioni 2 kwa kila milimita moja ya mraba, ambavyo hushikilia utando mwembamba wa hewa ambao maji hayawezi kuuondoa. Oksijeni huingia katika utando huo kutoka majini. Kazi hiyo pekee ingetosha kumpa mtu jina katika elimu ya wadudu, lakini vita vilipokwisha Thorpe aliwageukia ndege moja kwa moja.

Kituo cha Madingley

Mwaka 1950 Thorpe alianzisha kituo cha utafiti wa ndege katika kijiji cha Madingley, karibu na Cambridge. Msimamizi wake wa kwanza alikuwa kijana Robert Hinde, aliyetoka Oxford. Kituo kilikuwa na vizimba vya ndege, chumba kisichopitisha sauti, na baadaye wanafunzi kutoka nchi nyingi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1949, Cambridge ilikuwa mwenyeji wa mkutano mkubwa juu ya tabia za wanyama uliowakutanisha tena Konrad Lorenz wa Austria na Niko Tinbergen wa Uholanzi na wenzao baada ya vita. Thorpe alikuwa miongoni mwa watu walioifungulia etholojia mlango nchini Uingereza, na alishiriki pia kuanzisha jarida la Behaviour mwaka 1948.

Kwa Watanzania kituo hiki kina uhusiano mmoja wa kukumbukwa. Hinde, msimamizi yule wa kwanza, ndiye aliyekuja kumsimamia Jane Goodall katika shahada yake ya udaktari huko Cambridge, aliyoipata mwaka 1966 kwa utafiti wake wa sokwe wa Gombe, Kigoma.

Utafiti wa chiriku

Kwamba ndege hujifunza kuimba halikuwa wazo jipya. Mwaka 1773 Mwingereza Daines Barrington aliandika kwamba makinda waliolelewa na ndege wa spishi nyingine waliimba wimbo wa walezi wao. Wafugaji wa ndege wa vizimba walilijua jambo hilo tangu zamani. Kilichokosekana ni kipimo. Mtu mmoja alisikia wimbo akasema unafanana, mwingine akasema haufanani, na hakukuwa na namna ya kuamua. Wengine waliandika nyimbo za ndege kwa noti za muziki, lakini sauti ya ndege hupanda na kushuka kwa kasi ambayo sikio la binadamu haliwezi kuifuata yote.

Suluhisho lilitoka katika utafiti wa simu. Maabara ya Bell nchini Marekani ilikuwa imebuni spektrografu ya sauti katika miaka ya 1940 kwa ajili ya kuchunguza maneno ya binadamu. Mashine hiyo hupokea sauti iliyorekodiwa na kuichora kwenye karatasi: muda unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, na wembamba wa sauti unapanda kutoka chini kwenda juu. Thorpe aliipata mashine ya aina hiyo, iliyotengenezwa na kampuni ya Kay Electric, akawa mmoja wa watu wa kwanza duniani kuitumia kwa ndege. Mashine iliweza kuchora sauti ya sekunde 2.4 tu kwa mara moja. Kwa bahati nzuri wimbo wa chiriku wa Ulaya (Fringilla coelebs) huchukua takribani muda huo huo. Sasa nyimbo mbili ziliweza kuwekwa mezani bega kwa bega na kulinganishwa kama miandiko miwili.

Wimbo wa chiriku huyo dume una mafungu ya noti yanayoshuka hatua kwa hatua, na mwishoni huwa na kibwagizo kifupi cha madaha. Thorpe na wasaidizi wake walichukua makinda wa siku chache kutoka viotani, wakawalisha kwa mkono, na kuwaweka mahali ambapo hawakuweza kusikia chiriku mwingine yeyote. Majira ya kuchipua yalipofika, madume hao waliimba. Wimbo wao ulikuwa na urefu unaokaribia wa kawaida na idadi ya noti inayokaribia ya kawaida, lakini haukugawanyika vizuri katika mafungu, na kile kibwagizo cha mwisho hakikuwepo. Basi kuna kitu ambacho ndege huzaliwa nacho, nacho ni kama kiunzi cha nyumba kisicho na kuta.

Kundi jingine la ndege liliachwa lisikie wimbo wa wakubwa katika miezi ya kwanza ya maisha, kabla ndege hao hawajaweza kuimba wenyewe, kisha likatengwa. Mwaka uliofuata ndege hao waliimba wimbo unaokaribia sana wa kawaida. Maana yake ni kwamba walikuwa wamehifadhi kumbukumbu ya sauti kwa miezi mingi bila kuitumia. Mwalimu yeyote aliyewahi kumfundisha mtoto jambo na kuliona likijitokeza muhula mwingine ataelewa kwa nini matokeo hayo yaliwasisimua wanasaikolojia wa binadamu.

Jaribio la tatu ndilo ninaloliona la kuvutia kuliko yote. Makinda waliotengwa na wakubwa, lakini wakalelewa pamoja kikundi kimoja, walisikilizana wao kwa wao. Kila kikundi kilitokea na wimbo wake, usiofanana na wa chiriku wa porini, lakini ndani ya kikundi ndege wote waliimba karibu sawasawa. Bila mzee wa kuwafunza walijitungia mapokeo yao wenyewe.

Thorpe alijaribu pia kuwafunza chiriku nyimbo kutoka kwenye tepu. Nyimbo nyingi za spishi nyingine walizikataa. Waliweza kujifunza wimbo wa chiriku uliokatwa na kuunganishwa upya, kibwagizo kikiwekwa katikati badala ya mwisho. Ndege wa spishi nyingine aliyeweza kuwa mwalimu wao alikuwa Anthus trivialis, ambaye sauti yake inakaribiana na ya chiriku; ndege huyo husafiri kutoka Ulaya kuja Afrika, pamoja na nchi zetu, wakati wa baridi ya kwao. Tena kujifunza kulikuwa na mwisho. Chiriku akishatimiza miezi kama 13, baada ya kuuimarisha wimbo wake katika majira ya kwanza ya kuimba, habadiliki tena. Hivyo ndege huzaliwa na kiunzi cha wimbo, huzaliwa pia na mwelekeo wa kuchagua sauti za kuiga, na ana dirisha la muda ambalo baadaye hufungwa. Urithi na mafunzo havikuwa wapinzani. Urithi ndio uliopanga nini kifunzwe na lini.

Matokeo hayo yalitolewa katika jarida la Nature mwaka 1954 na kwa urefu zaidi katika jarida la Ibis mwaka 1958. Kitabu chake kikubwa, Learning and Instinct in Animals, kilitoka mwaka 1956, na Bird-Song kikafuata mwaka 1961. Cha kwanza ni kizito, kimejaa istilahi na uainishaji wa aina za kujifunza, na leo husomwa zaidi na wanahistoria. Cha pili ni kifupi na bado kinasomeka.

Kati ya wanafunzi wake aliyekwenda mbali zaidi katika nyimbo za ndege ni Peter Marler (1928–2014). Huyu alikuja akiwa tayari na shahada ya udaktari katika botania, kisha akapata ya pili chini ya Thorpe. Alikuwa amegundua kwamba chiriku wa bonde moja huimba tofauti na wa bonde jingine, kama lahaja. Mwaka 1957 alihamia Marekani, akaendeleza majaribio ya namna ya Madingley kwa ndege wa huko. Mwanafunzi wa Marler, Fernando Nottebohm, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1970 sehemu za ubongo wa ndege zinazoongoza wimbo.

Tiva wa Afrika ya Mashariki

Chiriku huimba dume peke yake. Katika nchi za joto mambo ni tofauti, na Thorpe alivutiwa sana na jambo hilo katika miaka ya 1960. Aliongozwa na rekodi za Myles North, ofisa wa utawala wa kikoloni nchini Kenya aliyetumia muda wake wa ziada kurekodi sauti za ndege, na ambaye santuri yake ya ndege wa Afrika ilitolewa mwaka 1958.

Ndege waliochunguzwa zaidi ni tiva (Laniarius). Wakazi wengi wa nchi zetu wanaifahamu sauti yao ya kengele kutoka vichakani na bustanini asubuhi, na wengi wanadhani ni ya ndege mmoja. Mara nyingi ni wawili, dume na jike, ambao mmoja hutoa noti za mwanzo na mwenziwe hudakia kwa wakati barabara hata mpaka hausikiki. Kwa kuchora rekodi hizo Thorpe alipima muda anaochukua ndege wa pili kuitikia. Ni sehemu ndogo ya sekunde, na kilichomshangaza zaidi kuliko kasi yenyewe ni usahihi: jozi ileile ilirudia muda uleule mara kwa mara kwa tofauti ndogo mno. Makala yake ya kwanza kuhusu suala hilo ilitoka katika Nature mwaka 1963, na nyingine mbili aliziandika pamoja na North mwaka 1965 na 1966.

Walieleza kwamba kila jozi hujitungia mitindo yake, inayotofautiana na ya jozi jirani. Vilevile kila ndege anazijua sehemu zote mbili: mwenzake asipokuwepo, aliyebaki huweza kuimba wimbo mzima peke yake. Thorpe alifikiri kwamba katika vichaka vizito, ambako ndege hawaonani, wimbo wa kupokezana huwasaidia kujuana na kushikilia ndoa yao mwaka mzima. Watafiti waliofuata wamesisitiza zaidi ulinzi wa eneo dhidi ya jozi nyingine, na mjadala huo haujafungwa. Mwaka 1972 Thorpe na wenzake, akiwemo Joan Hall-Craggs, walikusanya matokeo yao yote katika kitabu kilichotolewa kama nyongeza ya jarida la Behaviour. Humo wamo pia kurumbiza na ndege wengine wa Kenya na Uganda.

Maumivu ya wanyama

Mwaka 1964 kitabu cha Ruth Harrison, Animal Machines, kiliwashtua Waingereza kwa kueleza jinsi kuku, ndama na nguruwe walivyofugwa kwa kubanwa ndani ya mabanda ya kiwanda. Serikali iliunda kamati chini ya mwanazoolojia F. W. Rogers Brambell, na Thorpe akawa mjumbe. Ripoti ilitoka mwaka 1965, na Thorpe ndiye aliyeandika kiambatisho chake kuhusu namna ya kutambua maumivu na dhiki kwa wanyama.

Wakati huo wanasayansi wengi waliona kwamba hisia za mnyama haziwezi kujadiliwa kisayansi. Thorpe alidai kwamba zinaweza, kwa kuangalia tabia: mnyama mwenye hamu ya asili ya kufanya jambo, akizuiliwa siku zote asilifanye, anateseka hata kama anakula na kunenepa. Kamati ilipendekeza kwamba kila mnyama wa kufugwa awe na nafasi ya kutosha kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Mapendekezo hayo ndiyo chimbuko la orodha ya uhuru wa aina tano inayofundishwa leo katika vyuo vya mifugo duniani, pamoja na vya kwetu. Kamati haikupatia kila kitu. Ilidhani kuku hawapendi kusimama juu ya aina fulani ya wavu mwembamba, lakini majaribio yaliyochapishwa mwaka 1973, ambapo kuku waliachiwa wachague wenyewe, yalionyesha kuwa waliupendelea wavu huohuo.

Mtu anaweza kuuliza jinsi fikra hizo zinavyopatana na majaribio ya Madingley, ambako makinda walitolewa viotani na kukuzwa katika upweke. Ni swali la haki. Leo majaribio ya namna ile yangehitaji kibali kigumu zaidi, na viwango vinavyotumiwa kuyapima vilitokana kwa sehemu na kazi ya Thorpe mwenyewe.

Imani na miaka ya mwisho

Mwaka 1966 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimpa cheo cha profesa wa etholojia ya wanyama, alichokishika hadi alipostaafu mwaka 1969. Mwaka huo wa kustaafu wanafunzi na wenzake walimtolea kitabu cha heshima, Bird Vocalizations, kilichohaririwa na Hinde. Aliwahi pia kuwa rais wa British Ornithologists' Union. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1973 iliyotambua etholojia ilikwenda kwa Lorenz, Tinbergen na Karl von Frisch.

Katika vitabu vyake vya uzeeni Thorpe alipinga wazo kwamba uhai na akili vinaweza kuelezwa kikamilifu kwa fizikia na kemia tu. Mihadhara yake ya Gifford, iliyotolewa Chuo Kikuu cha St Andrews, ilichapishwa mwaka 1974 kwa jina la Animal Nature and Human Nature. Humo analinganisha lugha, ufundi na hisia za wanyama na za binadamu, kisha anaingia katika dini. Wanabiolojia wengi waliipokea nusu ya kwanza na kuiacha ya pili. Kitabu chake cha mwisho, The Origins and Rise of Ethology, cha mwaka 1979, ni historia fupi ya fani aliyosaidia kuijenga. Alifariki Cambridge tarehe 7 Aprili 1986, siku chache baada ya kutimiza miaka 84.